Maji ya kuoshea kiwanda cha zabibu: yapi yarudi kazini, yapi yasirudi

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi na kaka yangu tuna kiwanda kidogo cha zabibu nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Tunatengeneza juisi na mvinyo. Msimu wa Agosti na Septemba tunasindika kama lita 1,500 kwa siku, na mita ya maji inasoma lita 9,000 hivi kila siku. Maji ni ya mgao. Yakikatika tunanunua ya boza, na hapo faida yote inaondoka. Fundi mmoja ametushauri tukusanye maji yote ya kuoshea kwenye tanki moja, tuyachuje kwa mchanga na mkaa, tuyatie klorini, halafu tuyarudishe kuoshea matanki na chupa. Anasema yakishakuwa angavu hayana shida, na kwamba zabibu zina asidi, kwa hiyo hakuna kijidudu kinachoweza kuishi. Kaka amekubali, mimi moyo unakataa. Tunajiuliza pia kama maji hayo yanaweza kumwagilia mizabibu yetu na bustani ya mchicha ya wafanyakazi. Tufanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Moyo wako umekataa kwa haki, ila kaka yako naye hajakosea kutaka maji yafanye kazi zaidi ya mara moja. Mnachobishania hasa ni mpango wa fundi, na mpango huo una kasoro moja kubwa: unachanganya maji yote kwanza, kisha unahangaika kuyasafisha. Maji yanayotoka kiwandani kwenu si ya aina moja. Yapo yaliyopoza chupa na kutoka karibu masafi kama yalivyoingia. Yapo yaliyosuuza tanki mara ya mwisho, yapo yaliyobeba kostiki soda, ile dawa kali ya kuoshea matanki, na yapo yaliyopita sakafuni yakazoa makapi, udongo wa viatu na kila kilichomwagika. Ukishayaweka pamoja, yale mazuri yameharibika na yale mabaya hayajapona. Kazi yote ya kuokoa maji kiwandani inaanza kwa kuyatenganisha, na sehemu kubwa yake haihitaji mashine yoyote.

Nianze na madai ya fundi, kwa sababu nayasikia mara nyingi, na mawili kati yake ni ya hatari.

La kwanza, kwamba maji angavu ni maji salama. Mchanga hukamata vitu vinavyoelea na kuonekana. Mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kuchujia hupunguza rangi, harufu na baadhi ya kemikali. Mkaa wa jikoni uliopondwa ni kitu kingine kabisa. Vyote viwili haviondoi sehemu kubwa ya kilichoyeyuka. Sukari imeyeyuka, chumvi imeyeyuka, kostiki soda imeyeyuka, nazo hupita kwenye mchanga kana kwamba hakuna kitu. Unaweza kuwa na glasi ya maji yanayong'aa kama ya dukani, yenye sukari ya kutosha kuwalisha bakteria usiku kucha. Joto la Dodoma mchana litafanya yaliyobaki: jioni umeweka maji angavu tankini, asubuhi yananuka.

Hapo nataka uelewe uzito wa sukari, maana ndiyo adui mkubwa wa maji katika biashara yenu. Juisi ya zabibu zilizoiva ina kama gramu 200 za sukari kwa lita. Ikimwagika lita tano tu sakafuni na mtu akaisukuma kwa mpira hadi kwenye mfereji, kilo nzima ya sukari imeingia kwenye maji. Bakteria wakiila sukari hiyo wanatumia oksijeni zaidi ya kilo moja. Lita moja ya maji safi yenye joto la kawaida hubeba miligramu nane hivi za oksijeni. Piga hesabu: kilo hiyo moja inatosha kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita zaidi ya 130,000 za maji. Ndiyo maana korongo linalopokea maji ya kiwanda cha matunda hugeuka jeusi na kunuka hata kama kiwanda ni kidogo. Na ndiyo maana tone la juisi lililozuiwa lisifike kwenye maji lina thamani kuliko chujio lolote utakalonunua baadaye.

La pili, kwamba klorini inaua kila kitu. Klorini ni dawa nzuri sana kwa maji ambayo tayari ni safi. Shirika la Afya Duniani hutaka ikae na maji angalau dakika 30, na baada ya hapo ibaki kama miligramu 0.5 kwa lita, huku pH ya maji (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) ikiwa chini ya 8. Sasa tazama maji yenu. Yana sukari, tanini na mabaki ya ngozi za zabibu. Klorini ikikutana na vitu hivyo inapambana navyo kwanza na kuishia hapo, kabla haijawafikia vijidudu. Unaongeza kipimo, inaliwa tena. Halafu maji ya kostiki soda yana pH ya 11 au zaidi, na katika maji ya namna hiyo klorini hubadilika kuwa umbo dhaifu lisiloua vizuri. Fundi anaweza kumwaga chupa nzima ya dawa, pua zenu zikawaka, na vijidudu vikaendelea kuishi.

Kwa watu wa mvinyo kuna jambo jingine tena. Klorini ikikutana na ukungu kwenye mbao, maboksi au vizibo, hutengeneza kemikali inayoupa mvinyo harufu ya kitambaa kibichi kilichovunda. Wataalamu huiita TCA. Inatosha sehemu chache sana katika trilioni, pua ya mnywaji inainasa, na hakuna namna rahisi ya kuiondoa mvinyo ukishaingiliwa. Watengeneza mvinyo makini wameiacha klorini katika usafi wa ndani ya kiwanda kwa sababu hiyo. Wanatumia maji ya moto, asidi ya peraseti, au asidi ya sitriki pamoja na salfaiti. Na chonde chonde, msichanganye kamwe klorini na asidi yoyote. Hewa inayotoka huumiza mapafu na inaweza kuua mtu aliye ndani ya tanki.

Dai la tatu, la asidi, lina ukweli nusu. Mvinyo wenye pH ya 3 na kitu, na pombe ndani yake, ni mahali pagumu kwa vijidudu vya maradhi. Juisi haina pombe. Mwaka 1996 nchini Marekani, juisi ya tufaha isiyopashwa moto ilieneza bakteria wa E. coli O157, watu wengi wakaugua na mtoto mmoja akafariki. Tufaha nalo lina asidi. Kwa hiyo juisi yenu ipashwe moto ipasavyo, na chupa inayoipokea isuuzwe mwisho kwa maji ya kunywa, siyo maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Hapo sina mjadala.

Sasa turudi kwenye lita 9,000. Hiyo ni lita sita za maji kwa kila lita mnayosindika. Msikate tamaa kwa namba hiyo, wengi wanaoanza wako hapo au juu yake. Viwanda vya mvinyo vilivyojipanga hufika lita mbili au tatu. Safari ya kutoka sita hadi tatu ndiyo rahisi, na ndiyo itakayokuondoa kwenye boza.

Kwanza mjue maji yanakwenda wapi. Mita moja ya mlangoni haisemi kitu. Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, upime kila mpira unachukua muda gani kuijaza. Ikijaa kwa dakika moja, basi mpira huo ukiachwa wazi saa mbili kwa siku umemwaga lita 2,400. Karibu kila kiwanda kidogo nilichokiona, mpira wa sakafu ndio mlaji namba moja, na mwenye kiwanda hushangaa kwa sababu alidhani ni matanki. Fungeni kwenye kila mpira kichwa cha kubana kwa mkono, kile kinachojifunga chenyewe ukikiachia. Nunueni pia mita ndogo mbili, moja ya chumba cha chupa na nyingine ya sehemu ya matanki, msome kila jioni na kuandika ukutani mahali wafanyakazi wote wanaona. Na usiku, kiwanda kikiwa kimefungwa, someni mita kuu, mwisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja chini ya ardhi au boya la tanki limechoka.

Baada ya hapo, sakafu. Makapi, mbegu na vikonyo vikusanywe kwa koleo na fagio vikiwa vikavu, mashapo ya chachu yaliyo chini ya tanki yatolewe kwa ndoo, na juisi iliyomwagika ivutwe kwa brashi ya mpira hadi kwenye ndoo. Maji yaje mwisho, kidogo tu. Wekeni chekeche kwenye kila mfereji, lenye matundu ya milimita moja au mbili, lisafishwe mara kadhaa kwa siku. Makapi hayo ni mboji nzuri ya shamba. Najua wafanyakazi watalalamika siku za mwanzo, maana kusukuma uchafu kwa mpira ni kazi nyepesi kuliko kufagia. Waonyesheni ubao wa mita. Wengi wao nyumbani wananunua maji kwa ndoo, na wapo waliokulia vijijini wakichimba mchanga wa korongo kiangazi kupata maji ya kupikia. Hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya maji hapa kwetu. Wanahitaji tu kuoneshwa kwamba kiwanda nacho kinayahesabu.

Sasa matanki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye uhondo.

Umewahi kumwona mama akifua kwa mabeseni matatu. Maji ya beseni la mwisho hayamwagwi. Yanasogezwa yakawe ya kufulia mzigo unaofuata, na maji mapya yanaingia upande wa nguo iliyo safi zaidi. Uoshaji wa matanki unafuata kanuni hiyohiyo, na hesabu yake ni nzuri mno. Chukua tanki lililooshwa kwa kostiki soda. Ukishalimimina, tuseme zimebaki lita tano za dawa zilizoshikamana na kuta, mabomba na kona. Ukisuuza mara moja kwa lita 500, umezimua dawa hiyo mara 101. Ukisuuza mara tatu kwa lita 20 kila mara, huku ukilimimina tanki vizuri kati ya suuzo moja na jingine, kila suuzo linazimua mara tano. Tano mara tano mara tano ni 125. Lita 60 zimesafisha kuliko lita 500.

Siri iko kwenye kumimina. Tanki likibaki na dimbwi chini, hesabu inaharibika. Inueni upande mmoja wa tanki ili maji yote yaelekee kwenye koki, na subirini dakika mbili tatu yadondoke. Lita 20 hizo nazo zirushwe kwa kichwa kinachotawanya maji juu ndani ya tanki, kinachofika kwenye kuta zote. Ukizimwaga tu kwa ndoo hazitagusa kona.

Kisha maji ya suuzo la tatu, ambayo karibu ni masafi, yawekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko na kuandikwa. Yatakuwa suuzo la kwanza la tanki linalofuata. Sasa kila tanki linatumia lita 40 tu za maji mapya. Maji hayo yatumike siku hiyohiyo, yakilala, yamwagwe. Dawa ya kostiki yenyewe nayo haina haja ya kutupwa kila mara. Ipiteni kwenye chekeche, mpime nguvu yake kwa vifaa rahisi vya kupimia au mwombe aliyewauzia awaoneshe namna, mwongeze kidogo na mwitumie tena hadi itakapokuwa chafu. Miwani na glavu ndefu wakati wote.

Mwisho, hakikisheni kwa kipimo kwamba suuzo la mwisho limeondoa dawa. Karatasi za pH ni za bei ndogo. Chovya kwenye maji yanayotoka tankini, kisha chovya kwenye maji ya bombani. Zikilingana rangi, tanki liko tayari. Watu wengi huacha mpira ukitiririka dakika ishirini kwa woga, kwa sababu hawana namna ya kujua kwamba dakika ya tatu ilishatosha.

Upande wa chupa kanuni ni hiyohiyo. Kama mnatumia chupa zilizokwisha kutumika, suuzo la mwisho ni la maji ya kunywa, basi. Maji yanayotoka kwenye suuzo hilo yakusanywe na yatumike kuloweka chupa chafu zinazoingia. Kutoka kwenye maji ya kulowekea hayarudi tena juu. Yanakwenda kuosha kreti za shambani au sakafu ya nje, na safari yake inaishia hapo. Maji hushuka kutoka kazi safi kwenda kazi chafu, na kila yanaposhuka hatua moja hayana ruhusa ya kupanda. Mwaka 2023 Tume ya Codex, inayoweka kanuni za chakula kimataifa, ilipitisha mwongozo wa kutumia na kurudia maji katika uzalishaji wa chakula, na msingi wake ndio huu: ubora wa maji upimwe kulingana na kazi yanayokwenda kufanya. Kwa hiyo kurudia maji si uchafu wala si uhalifu. Makosa ni kuyapeleka mahali yasipofaa.

Kuna maji ambayo naamini mnayamwaga bila kujua thamani yake: ya kupozea. Mkijaza juisi ya moto na kupoza chupa kwa maji yanayotiririka, maji hayo yanaondoka yakiwa yamebadilika joto tu. Wekeni tanki na pampu ndogo, yazunguke. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu, na usiku wa Julai na Agosti una baridi ya kweli, kwa hiyo tanki lililo wazi kivulini lenye wavu juu yake litapoa lenyewe hadi asubuhi, na ukiyanyunyiza maji kama manyunyu yakirudi tankini yatapoa haraka zaidi. Yawe ya kupozea nje ya chupa iliyokwisha kufungwa tu, yasiguse juisi. Chupa ikipasuka ndani yake, sukari imeingia; badilisheni maji.

Hata hivyo mzunguko huo una ukomo, na ukomo huo unahusu mpango wowote wa kurudia maji, ndiyo maana naueleza. Maji yanapopaa hewani yanaacha chumvi nyuma. Unaongeza maji mapya, yanakuja na chumvi yake, yanapaa, chumvi inabaki. Visima vingi vya kanda ya kati vina maji magumu, na mengine unayaonja chumvi kabisa. Baada ya mizunguko kadhaa utaona ukoko mweupe kwenye mabomba. Nunua kipimo kidogo cha mkononi cha kupima uwezo wa maji kupitisha umeme, maana chumvi ikizidi umeme unapita zaidi. Namba ikifika mara mbili au tatu ya ile ya maji mapya, mwaga sehemu na uongeze mengine. Mpango wa fundi ungekutana na ukuta huohuo: mchanga na mkaa haviondoi chumvi, na kila mnapoosha mngeongeza sodiamu kutoka kwenye kostiki.

Mtu atakuja kukuuzia mashine ya utando inayoondoa chumvi. Inafanya kazi, lakini mashine ndogo nyingi hutupa nusu ya maji yanayoingia au zaidi, yakiwa na chumvi maradufu, na utando wake huzibwa haraka na maji ya sukari. Mimi katika hali yenu singeinunua mwaka huu. Kama tayari mnayo kwa ajili ya maji ya kunywa, yale yanayotupwa yapelekeni vyooni.

Fedha ambayo ingeingia kwenye mashine, ningeiweka kwenye paa. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, ukitoa moja ya tano inayopotea, linatoa lita kama 90,000 kwa mwaka. Mavuno yenu ya Februari na Machi yanakutana na mvua moja kwa moja. Ya Agosti na Septemba yanaangukia katikati ya ukame, na kwa hayo mnahitaji akiba. Tanki la kuhifadhi zote 90,000 ni ghali, anzeni na linalowezekana. Manyunyu ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege yaachwe yapite. Maji ya mvua hayana ugumu, kwa hiyo ni mazuri mno kwa boila na kwa kuchanganyia dawa ya kuoshea. Kwa suuzo la mwisho la chupa bado yatahitaji kuchujwa na kuuliwa vijidudu, na hapo, kwa maji safi namna hiyo, dawa hufanya kazi yake vizuri.

Jambo moja la usalama linanipa wasiwasi kuliko yote niliyoandika, na halikuwa kwenye swali lako. Mko kwenye mgao. Maji yanapokatika, presha ndani ya bomba hushuka, na bomba linaweza kuvuta badala ya kusukuma. Mpira uliozama kwenye tanki la kostiki, au bomba la maji ya kurudiwa lililounganishwa na la maji safi kwa valvu moja tu, utavutwa urudi kwenye bomba la kunywa: kwenu, na pengine kwa jirani. Mpira usizamishwe kamwe. Mdomo wake ukae juu ya ukingo wa chombo. Maji ya kurudiwa yawe na mabomba yake yenyewe, rangi yake, koki zenye alama, na pasiwepo popote panapokutana na ya mamlaka. Kama leo kuna kiungo cha namna hiyo kiwandani, kikateni leo.

Sasa shamba. Mizabibu inaweza kupokea sehemu ya maji yenu, kwa masharti. Maji ya kulowekea chupa na ya kreti yanafaa yakishachekechwa na kutuama, mradi hayana kostiki ndani yake. Yale ya kostiki ndiyo tatizo, kwa sababu sodiamu huvunja muundo wa udongo, hasa wenye mfinyanzi. Udongo unashikamana, maji hayapenyi, mizizi inakosa hewa. Mzabibu nao hauvumilii chumvi sana. Vipimo vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vinaonesha mavuno yakianza kupungua chumvi ya udongo inapopita 1.5 dS/m (hupimwa kwa uwezo uleule wa kupitisha umeme). Kama mmeazimia kumwagilia, ongeeni na muuzaji wa dawa kuhusu ile ya potasiamu badala ya sodiamu. Bei yake iko juu, lakini potasiamu mzabibu unaitumia, ingawa nayo ikizidi ina madhara. Zungusheni viunga, kimoja kinyweshwe, vingine vipumzike hadi udongo ukauke juu, ili sukari ioze kwenye hewa na isioze kwenye tope. Maji yaende chini kwenye shina, yasiguse majani wala vishada. Na mchicha, hapana. Unagusa udongo, unaoshwa kwa haraka, na wakati mwingine haupikwi vya kutosha. Unywe maji ya mvua au ya bomba. Maji ya vyoo na ya kunawia yana mfereji wake tangu mwanzo, hayaingii kwenye hesabu hii hata kidogo.

Yote haya hadi hapa mnaweza kuanza wenyewe. Yapo ambayo hamwezi. Kabla ya kuweka bomba la kudumu la kurudia maji ndani ya kiwanda, pelekeni mchoro wake Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa kuwa ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na mwombe ushauri kabla hamjatumia fedha. Kuhusu kutoa maji nje ya eneo lenu au kuyamwaga shambani, waoneni wasimamizi wa mazingira wa taifa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kama mko upande wa bonde hilo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka vibali, na kama mna kisima nacho kinahitaji chake. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, watawasaidia kupata fundi wa vichwa vya kunyunyizia na machekeche kwa bei ya kiwanda kidogo. Udongo wa shamba upimwe kabla ya msimu wa kwanza wa kumwagilia na tena baada yake, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, ambao zabibu ndiyo kazi yao, ndio wa kuwaendea.

Msisubiri, simamisheni kazi na kuita mtaalamu siku hiyohiyo iwapo maji ya bombani yananuka au yanateleza vidoleni kama sabuni, mfanyakazi amechubuka ngozi baada ya kuyagusa, kundi la chupa limeanza kufura au kutoa povu, au kisima chenu kiko karibu na shimo la choo na mmeona maji yamebadilika baada ya mvua.

Maji ya suuzo la mwisho la chupa yapimwe vijidudu kabla ya kila msimu kuanza, kwenye maabara ya ubora wa maji. Chombo cha sampuli chukueni kwao, kwani huja kikiwa kimeuliwa vijidudu; ukitumia chupa yako ya nyumbani utapima uchafu wa chupa. Sampuli ikae kwenye boksi la barafu na ifike ndani ya saa 24, mapema zaidi ikiwezekana. Pigeni simu kwanza muulize siku wanazopokea, maana iliyochukuliwa Ijumaa jioni ikilala hadi Jumatatu, majibu yake hayafai kutegemewa.